Nilivyowaendesha Wajapani wa Moseley

Mjapani akishuka kwenye teksi hafungi mlango. Anashuka, anainamisha kichwa kukushukuru, anakwenda zake, na mlango unabaki wazi kama mdomo wa mtoto aliyelala. Wiki yangu ya kwanza ya kuwaendesha nilikuwa nashuka kila kituo kufunga milango huku nikinung'unika Kisomali, lugha ninayoiweka kwa ajili ya sala na hasira. Nilidhani ni dharau. Tajiri wangu, Mzee Gurdip, Singasinga wa Kisumu aliyekuwa na magari machache ya kukodisha kule Nechells, mtaa wa Birmingham hapa Uingereza, alinisikia nikilalamika, akacheka mpaka akashika tumbo.

"Dada Halima, kwao mlango wa teksi unajifungua na kujifunga. Dereva ana kitufe. Yule bwana hakukudharau. Anashangaa tu kwamba wewe umesahau kazi yako."

Tangu siku ile, nikiona tabia ngeni kwa abiria, huuliza kwanza kwao mlango unafungwaje, halafu ndipo nakasirika, kama hasira bado ipo.

Nawaandikia ninyi vijana wetu mnaoingia kazi hii ya kuendesha watu, ninyi mnaoitwa na simu na kumshusha mtu kabla hamjamsikia sauti. Mimi nimestaafu, magoti yamegoma. Najua mtasoma haya kwa Kiswahili kisha myajadili kwa Kiingereza. Haidhuru, mradi msome.

Kazi niliipata kwa sababu ya jinsia yangu. Kulikuwa na kiwanda cha vipuri vya magari kilicholeta wahandisi kutoka Japani, kila mmoja akikaa miaka mitatu au minne na familia yake. Wake zao walitaka dereva mwanamke, na kwa Mzee Gurdip mwanamke mwenye leseni ya teksi nilikuwa mimi peke yangu. Siku ya kwanza mama mmoja wa ofisi ya kiwanda aliniita pembeni akanionya kwa upole: usiwapitishe Balsall Heath, usisimame nao Nechells, si salama. Nikaitikia. Gari lililala Nechells, na mimi nililala Balsall Heath. Kwa hiyo kila asubuhi niliamka mahali nilipokatazwa kupita, nikachukua gari mahali nilipokatazwa kusimama, nikaenda kuwakinga watu na hatari. Abiria wakiniuliza ninakaa wapi, nilitaja mtaa wa wenye uwezo walikopanga wao: "Karibu na Moseley." Hilo si uongo. Tazameni ramani.

Lakini nisiwacheke, maana kuhusu usalama walinifundisha mengi. Mhandisi wa kwanza niliyemwendesha alinionyesha desturi ya wafanyakazi wa kwao, kunyoosha kidole na kutaja kwa sauti kile unachokikagua. Kioo, sawa. Mkanda, sawa. Nyuma, hakuna mtu. Wanangu walinicheka, wakasema mama anaongea na gari. Asubuhi moja nilinyoosha kidole nyuma, nikafungua kinywa kusema hakuna mtu, neno likakwama. Baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wa jirani ilikuwa imelala nyuma ya tairi, na mwenyewe amechuchumaa kando yake anafunga kamba ya kiatu. Kichwa chake hakikufika hata kwenye dirisha. Jicho huona lilichozoea kuona. Kidole na ulimi ukivishirikisha, jicho linaona haya kupitiwa. Fanyeni hivyo, na atakayewacheka mwacheni acheke.

Katika miaka ile niliwaona wakibadilika, familia moja baada ya nyingine. Wale wa mwanzo waliweka mikoba mapajani na kufunga milango kwa ndani hata tukisimama kwenye taa. Waliniuliza kama Birmingham ina wageni wengi, nao wenyewe hawakujihesabu. Waliniambia kwao mtoto wa miaka sita huenda shule peke yake kwa treni, na mtu huacha simu juu ya meza kushikilia kiti, akirudi anaikuta. Waliokuja baadaye walisimulia tofauti. Watoto wao walikuwa na king'ora kidogo kimening'inia kwenye begi, wavute wakitishwa. Mama mmoja aliniambia, "Hata kwetu sasa tunawafundisha wasisalimiane na wasiowajua. Mimi nilikua nasalimia kila mtu." Alisema kwa masikitiko, kama mtu anayesimulia nyumba iliyouzwa.

Kwa upande wa wageni, fundo lilikuwa linalegea. Vijana walinisimulia kwamba duka la mtaani kwao linauzwa na Mnepali, na bibi zao huoshwa na wauguzi kutoka Vietnam. Mmoja, siku ile ile aliyotua, hajavua hata koti, aliniuliza kwa ile "san" yao ya heshima: "Halima-san, balti nzuri iko wapi?" Mchuzi huo wa Kipakistani ndio sifa ya mtaa wetu, nikampeleka Balsall Heath mwenyewe kwa fahari, na nikamwambia ukweli wa mahali ninapokaa.

Halafu ikaja ile kura ya kujitoa Ulaya, na baadhi yao wakaonja wanachoonja wageni wengine. Bi Yuko, mke wa mhandisi mmoja, alipanda gari siku moja akiwa mweupe kama karatasi. Mtu kwenye kituo cha basi alimwambia arudi kwao.

"Wewe wakikuambia hivyo, unafanyaje?" akaniuliza.

"Namwambia ndiyo kwanza naenda nyumbani, nangoja basi namba hamsini."

Akacheka na kulia kwa pamoja. Tangu hapo tukawa marafiki.

Huyu Bi Yuko na mumewe, Bwana Ono, ndio hasa ninaotaka kuwasimulia. Walipanga ghorofa ya juu ya nyumba kubwa ya zamani kule Moseley. Bwana Ono alikuwa mtu mwadilifu, mwenye soni, anayefika dakika kumi kabla ya wakati na kusimama kwenye mvua ili asikuharakishe. Ghorofa ya chini alihamia Bi Seo, mwalimu wa piano kutoka Korea, mjane wa makamo. Kwangu mimi mambo yalikuwa mepesi. Kila Jumamosi nilimpeleka Bi Yuko kununua chakula kwenye duka la vitu vya kwao mashariki, na Bi Seo alikwenda duka hilo hilo kwa basi, akirudi na mfuko wa mchele begani. Bi Yuko alitaka tumchukue. Mumewe akakataa.

"Kila mtu na safari yake," alisema. Baadaye, tukiwa wawili garini, alinifafanulia bila kuulizwa. Serikali zao zilikuwa zinagombana wakati ule, kila siku kwenye habari, mambo ya biashara na ya vita vya zamani. "Si kwamba namchukia, Halima-san. Ila mazungumzo yakianza, yatafika pabaya. Bora yasianze."

Mimi nimezaliwa Isiolo, Msomali wa Kenya. Nimekua nikisimamishwa na askari niulizwe kama kweli ni wa nchi ile, kwa sababu ya sura yangu iliyofanana na ya watu wa ng'ambo ya mpaka. Najua kwamba mtu hagombani na wa mbali. Ugomvi unaodumu ni wa wanaogawana ua.

Kiangazi kile akaja mama yake Bwana Ono, Bibi Fumi, mwanamke mdogo wa umbo aliyepita miaka themanini. Nilikwenda kumpokea na mwanawe uwanja wa ndege. Nikamfungulia mlango wa nyuma, kiti cha heshima nyuma ya dereva, yeye akazunguka akaja kukaa mbele pamoja nami. Aliponiona nikinyoosha kidole kukagua vioo, akanyoosha chake pia, akasema kwa Kijapani maneno niliyoyajua, na tukasafiri hivyo, kila mzunguko wa barabara tukinyoosha vidole wawili kama askari. Mwanawe nyuma alikuwa amejiinamia kwa aibu.

Bibi Fumi alizoea kutembea kila asubuhi. Mwanawe akamkataza: mji huu si kama kwetu, mama, usitoke peke yako, Halima-san atakuja. Yeye aliitikia kwa kichwa. Wanangu, mzee akikuitikia kwa kichwa bila kusema neno, jua hajakubali.

Siku moja karibu na adhuhuri nilifika nikamkuta Bi Yuko barabarani na viatu vya ndani, analia. Alikuwa ameoga tu, akatoka bafuni, Bibi hayupo. Mvua ilikuwa imeanza. Bwana Ono alifika kutoka kiwandani muda si mrefu, na jambo la kwanza alilosema lilikuwa jina la mtaa wangu, akilitaja kama mtu anavyotaja ugonjwa. Mlango wa chini ukafunguliwa, Bi Seo akatoka na koti tayari mwilini.

"Mna gari moja na macho matatu," alisema. "Mimi nina mengine mawili."

Macho matatu ilikuwa hesabu ya ajabu, lakini hakuna aliyecheka. Bwana Ono alisita. Nilimwona akitafuta adabu ya kukataa. Bi Seo hakungoja aipate, akaingia garini.

Sasa hapa kuna elimu ya kazi. Mtu akipotea, usiulize angetaka kwenda wapi, uliza miguu yake ingempeleka wapi. Magoti ya uzee hayapandi kilima, na kutoka Moseley barabara inateremka. Inateremkia Balsall Heath. Kabla hatujaondoka nilituma sauti kwenye kundi letu la kina mama wa Kiswahili: nani amemwona bibi mfupi, nywele nyeupe, koti la rangi ya zambarau. Hatujafika mbali, simu ikalia. Alikuwa Mama Bahati, Mkongomani wa Bukavu, mwenye saluni ya kusuka nywele karibu na kwangu.

"Allô, Mama Halima? Iko muzee mumoja hapa kwangu, mama Muchina. Aliteleza ku barabara, mukono yake imevimba sana. Anasema, anasema, hatusikie kitu."

"Si Mchina, ni Mjapani."

"Bon, ule Mujapani. Kuya mbio!"

Bwana Ono aliponiuliza, nilimwambia yuko hai na ameumia mkono. Alifunga macho. Njia nzima hakuyafungua.

Saluni ilikuwa imejaa wanawake wenye nywele nusu zimesukwa. Walikuwa wamemkalisha Bibi kwenye kiti kizuri kuliko vyote, miguu juu ya stuli, taulo mabegani. Jirani wa mkahawa wa balti ndiye aliyemuinua barabarani, na alikuwa bado amesimama mlangoni na aproni yake, hataki kuondoka mpaka aone wenyewe wamefika. Gari la wagonjwa lilikuwa limeitwa. Lakini Bibi alikuwa hayupo nasi. Alikuwa amejigonga kichwa pia, na macho yake yalitupita. Bwana Ono alipiga magoti akamwita kwa Kijapani, mara moja, mara mbili. Mama yake alimtazama kama anavyotazamwa mgeni.

"Apa," alisema Bibi. "Apa, apa."

"Ndiyo vile anasema tangu saa ile," alisema Mama Bahati. "Nami namujibu: ndiyo mama, uko apa, uko apa kwangu. Nikashika apa, analia. Nikashika pale, analia."

Nami pia nilikuwa nimesikia Kiswahili. Nilikuwa tayari kuuliza, hapa wapi? Bi Seo alinishika mkono akanisogeza.

"Anasema inauma," alisema. "Ni Kikorea. Kikorea cha mtoto mdogo."

Akachuchumaa mbele ya Bibi Fumi na kuzungumza naye polepole, kwa sauti ambayo mtu huitumia kumbembeleza mtoto aliyeamka vibaya. Bibi aligeuka. Uso wake ukakunjuka, machozi yakatoka, akaanza kujibu, maneno machache, ya kukatika, kisha akautoa ule mkono uliovimba na kuuweka mwenyewe juu ya mapaja ya Bi Seo.

"Mama yangu hasemi Kikorea," alisema Bwana Ono.

"Sasa anasema," alijibu Bi Seo bila kugeuka.

Mkono ulikuwa umevunjika kwenye kifundo. Hospitalini Bibi alikataa kuuachia mkono wa Bi Seo, basi Bi Seo akakaa naye mpaka alipofungwa plasta, na mwanawe akaketi kando, akileta maji ambayo hakuna aliyeyaomba. Kesho yake Bibi alikuwa na akili zake timamu, na mwenye haya kwa usumbufu alioleta.

Habari yenyewe tuliisikia garini, siku nilipompeleka kukaguliwa plasta. Bwana Ono alikuwa mbele, na nyuma Bibi katikati ya Bi Yuko na Bi Seo. Bibi alisema kwa Kijapani, Bi Yuko akitufasiria mimi na Bi Seo kwa Kiingereza. Alizaliwa Busan, wakati Wajapani walipoitawala Korea, baba yake akiwa mfanyakazi wa bandarini. Alilelewa na yaya wa Kikorea aliyeitwa Suni, na lugha ya kwanza aliyolilia ilikuwa ya Suni. Vita vilipoisha walirudishwa Japani kwa meli. Alikuwa na miaka kumi. Shuleni watoto wa kwao wenyewe waliwacheka, wakawaita watu wa kurudishwa, wakasema wananuka vitunguu saumu. Baba yake akasema lugha ile iishie baharini. Naye akatii, maisha yake yote, hata kwa mumewe.

"Nilijua alizaliwa kule," alisema Bwana Ono taratibu, akitazama mbele. "Sikujua kwamba kule kumebaki ndani yake."

Mimi mama yangu alikuwa akinibana kidole barabarani nisiseme Kisomali tukiona askari. Nilimwelewa yule bibi kuliko nilivyoweza kumwambia kwa Kiingereza chochote.

Kisha Bi Seo akasema, bila ukali, "Bibi yangu alilazimishwa kusoma Kijapani shuleni. Wakambadilisha hata jina. Alikikumbuka Kijapani mpaka anakufa, na hakukisema hata siku moja."

Haya ndiyo mazungumzo ambayo Bwana Ono alihofia yataanza, nayo yalikuwa yameanza, na pabaya penyewe ndipo tulipokuwa. Akageuka kwenye kiti chake, mkanda ukambana shingo, akamwinamia Bi Seo kwa kadiri mtu anavyoweza kuinama ndani ya gari.

"Naomba radhi," alisema.

Sikujua anaomba radhi kwa lipi, la Jumamosi au la miaka yote ile. Nadhani naye hakujua.

"Jumamosi," alisema Bi Seo, "nitahitaji mchele."

Jumamosi ile nilichukua abiria watatu, na mfuko wa mchele aliubeba Bwana Ono mwenyewe, akikataa kusaidiwa.

Sitawadanganya kwamba aligeuka malaika. Habari za serikali zao zikija kwenye redio, bado aliniomba nizime. Lakini alikwenda saluni kwa Mama Bahati, kwa miguu, amevaa suti, amebeba matikiti na mazabibu yaliyofungwa kama zawadi ya harusi. Akasimama kizingitini akainama sana. Mama Bahati alidhani amedondosha kitu, akainama naye kukitafuta. Walibaki hivyo, vichwa viwili chini, mpaka mteja mmoja akawaonea huruma akaeleza. Mtu wa mkahawa naye alipata matikiti yake, na tangu hapo Bwana Ono hakula balti mahali pengine.

Plasta ilipotolewa, Bibi Fumi akawa wa kurudi. Mwanawe alikuwa ameomba likizo amsindikize. Nilidhani ni kwa sababu ya mkono. Asubuhi ya safari Bi Seo naye aliingia garini, nikashangaa, nikauliza kama wote wanasafiri.

"Bi Seo anatusindikiza tu mpaka uwanjani," alisema Bwana Ono. "Mimi na mama tutapumzika nyumbani Japani wiki moja, halafu tutavuka kwa meli hadi Busan. Anataka kuona mtaa wao kama bado upo. Nami itabidi nimfuate nyuma, maana kule mimi sijui hata kuomba maji."

"Basi jifunze," alisema Bi Seo.

Akaanza kumfundisha pale pale kwenye kiti cha nyuma. Mhandisi mzima, mwenye mvi, akijaribu kusema naomba maji kwa Kikorea, na ulimi wake ukienda kombo. Bi Seo akamsahihisha. Bibi Fumi akamsahihisha Bi Seo, kwamba Busan hawasemi hivyo, au zamani hawakusema hivyo. Wakabishana wale wawili, kila mmoja na Kikorea chake, huku yeye katikati akirudia neno lile vibaya zaidi kila mara, mpaka mama yake akashikwa na kicheko, akacheka hadi akalazimika kuvua miwani na kuifuta kwa kitambaa cha mwanawe.

Kibao cha uwanja wa ndege kilikuwa mbele yetu, na muda tulikuwa nao. Nilifika kwenye mzunguko wa barabara nikaupita kwa makusudi ule mkono wa kwendea uwanjani, nikazunguka tena. Hakuna aliyeniuliza.